Kopo la Shangazi na Shamba Letu Lililorudi

Serikali ilipodai shamba letu, baba yangu mdogo aliyeko Kampala alikuwa na neno moja tu: "Serikali haishtakiwi. Waombeni wawaachie kipande." Hasira ya neno hilo ninayo hadi leo. Misimu miwili tulikaa tunaandikia wakubwa barua, hakuna hata moja iliyojibiwa.

Shamba letu liko nje kidogo ya mji wa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Babu yake babu yangu kazikwa pale. Idara moja ya serikali ikaja na hatimiliki, ikasema ardhi ile ilikuwa haina mwenyewe ndiyo maana wakagawiwa. Haina mwenyewe! Mwaka 1980 sisi watu wa West Nile, eneo letu hilo, tulikimbia vita, wengine Sudan, ukoo wetu ukavuka Zaire, Kongo ya leo, upande wa mji wa Aru. Mtu anayekimbia risasi hajatupa shamba lake. Tuliporudi tulikuta vichaka, tukafyeka, tukajenga upya.

Kesi ya kwanza tuliiandika kwa msaada wa mtu wa mjini aliyejiita mjuzi, tukaishtaki ile idara kwa jina lake. Ikatupwa, na gharama tukabebeshwa sisi. Ng'ombe wawili wakaenda. Kumbe ukiidai serikali mahakamani, anayeshtakiwa ni Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Wakili wa pili, mama mmoja mpole, alianza kwa kuipa serikali notisi ya siku 45, kisha akaomba ruhusa ya mahakama watu wanne tusimame kwa niaba ya ukoo mzima. Ndiye aliyenisomea kifungu cha 237 cha Katiba ya 1995: ardhi ya Uganda ni ya raia, na umiliki wa kimila ni umiliki unaotambuliwa. Miaka yote hiyo nilidhani bila hatimiliki sisi si kitu.

Akauliza, "Mna karatasi yoyote ya zamani?" Shangazi akaingia ndani, akatoka na kopo la bati. Ndani mlikuwa na tiketi za kodi ya kichwa za babu, za tangu miaka ya 1960, jina lake na mahali petu vimeandikwa kwa mkono. Shangazi alikimbia nalo hadi Zaire, kopo ndani ya kanga, mtoto mgongoni. Usichome karatasi za wazee, hata zile zilizoliwa na mchwa.

Jaji alipopanga kuja kuliona shamba lenyewe, ndugu walileta saruji na chokaa wayajengee makaburi yaonekane. Wakili alikuja mbio akakataa. "Kaburi jipya ni ushahidi wa nani? Acheni mawe yalivyo, acheni mizizi." Tuligombana hadi usiku, saruji ikarudishwa dukani. Kesho yake jaji alikuta mawe yamemezwa na mizizi ya mwembe ambao mikono ya watu watatu haiuzungushi. Ramani ya mpima ardhi wa serikali ilionyesha nyasi tupu. Jaji akamuuliza mwembe uko wapi kwenye ramani hii. Hakuwa na jibu.

Shangazi akatembea kaburi kwa kaburi akitaja majina. Kwenye jiwe dogo la mwisho wakili wa serikali akamuuliza, "Mama, hapa nani alikuonyesha?"

"Sikuonyeshwa. Huyu ni mwanangu. Nilimzika mwenyewe kabla hatujakimbia."

Nilimwona karani akiacha kuandika.

Hukumu ilichukua muda mrefu kuja, lakini ilikuja: ardhi ni yetu kimila, hatimiliki yao ifutwe. Fedha ya mihogo yetu waliyong'oa watu wa idara bado tunaifuatilia. Gharama zote sikuzihesabu vizuri, ni milioni nyingi za shilingi, na shemeji zangu walichanga sana. Sasa tumeomba cheti cha umiliki wa kimila. Kamati ya ardhi ya eneo imeshatembea mipaka pamoja na majirani. Zile tiketi nimezitolea nakala, zenyewe zimerudi koponi, na kopo liko chini ya kitanda cha shangazi.