Usonji, kama ninavyoueleza barazani kwetu Mtwara

Ndugu na majirani huniuliza mara kwa mara mwanangu anaumwa nini, na kwa kuwa jibu la barazani hukatizwa na salamu za wapita njia, nimeona heri niliandike. Mwanangu haumwi. Ana usonji, hali ambayo mtu huzaliwa nayo na ambayo huufanya ubongo wake upokee na kupanga sauti, maneno na nyuso za watu kwa namna tofauti na ya walio wengi. Hakuna kipimo cha damu cha kuubaini. Mtaalamu humtazama mtoto anavyocheza na kuwasiliana, huwahoji wazazi kuhusu makuzi yake, kisha ndipo huamua.

Kinachowashangaza wageni zaidi ni usemi wake. Ukimuuliza, "Unataka chai?" naye hujibu, "Unataka chai?" Mgeni hudhani anadhihakiwa, kumbe mtoto amesema ndiyo, na chai hiyo isipoletwa mtaa mzima utajua. Leo Kanner, daktari wa magonjwa ya akili ya watoto nchini Marekani, ambaye mwaka 1943 alichapisha maelezo ya watoto 11 wa namna hii, aliitaja tabia hiyohiyo ya kukubali kwa kurudia swali. Kusoma hilo kulinituliza moyo, maana nilikwisha kuambiwa kwamba ni shetani anayemsemea.

Kisha kuna masikio. Moshi wa korosho zinazochomwa, unaotutoa machozi sisi wengine, haumkeri hata kidogo. Lakini mashine ya kusaga ikiwashwa, hata kama iko mtaa wa pili, huziba masikio, hujikunja sakafuni na kulia, na hapo hakuna fimbo wala peremende itakayomnyamazisha. Sauti ambazo sisi huzichuja bila kujijua humfikia zote kwa pamoja, mfano wa mtu aliyeketishwa katikati ya ngoma tatu zenye midundo tofauti huku akitakiwa kufanya hesabu. Mpe sinia ya korosho ghafi, naye atazipanga kwa ukubwa, safu baada ya safu, mpaka adhuhuri. Ondoa moja kwa siri uone.

Si wote wako kama yeye. Wapo wasiosema kabisa, wapo waliofika chuo kikuu, na wapo wenye kifafa pamoja na usonji.

Kuhusu chanzo, urithi wa vinasaba una sehemu kubwa. Malezi hayahusiki, ingawa katikati ya karne iliyopita wapo wataalamu waliowalaumu kina mama kwa kukosa upendo. Chanjo nazo hazihusiki: makala ya mwaka 1998 iliyoleta hofu hiyo ilifutwa na jarida la The Lancet mwaka 2010, na tafiti kubwa zilizofuata hazikuona uhusiano wowote. Hata hivyo, kliniki bado kina mama huniuliza kwa kunong'ona.

Mjadala uliopo sasa katika ukoo ni jando. Wajomba zake wanasema mtoto wa Kimakonde habakizwi nyumbani, nami sipingani nao. Ninachotaka ni kwamba tohara ifanyike hospitalini, mlezi wake awe mtu anayemfahamu, aelezwe kila asubuhi kitakachofuata, na ngoma zipigwe mbali naye. Mjomba mkubwa amekubali yote isipokuwa hilo la ngoma, na bado tunazungumza.