Pleko aliyevuliwa mtoni: kazi kubwa ni tumbo

Nilipotangaza kwa wenzangu kwamba nanunua pleko wa madoa ya dhahabu, kambare wa tangini mwenye mdomo wa kunyonya, wote walinishika kwenye jambo moja: nimzoeshe maji mapya ya tangi kwa saa ngapi? Kila mtu na saa zake. Sasa huyu samaki amenenepa, na naona tulibishana juu ya sehemu iliyo rahisi. Pleko wa mtoni wengi huvuka salama siku ya kwanza, kisha hufa polepole wiki kadhaa baadaye, matumbo yamebonyea, mwenye tangi akilaumu maji.

Sababu haifichiki. Tangu atolewe mtoni samaki hupita mikono mingi, na kabla ya kila safari hunyimwa chakula makusudi ili asichafue maji ya mfuko. Akifika dukani ana njaa ya muda mrefu, na mara nyingi huko hutupiwa vidonge asivyovijua.

Wangu ni wa mto Xingu, Brazili. Wafugaji humwita kwa namba, L018 au L177, mtindo ulioanzishwa na jarida la Kijerumani la DATZ mwaka 1988, maana pleko wapya walikuwa wakiingia sokoni kabla wataalamu hawajawapa majina. Huyu alingoja hadi 2011 ndipo akaitwa Baryancistrus xanthellus. Usinunue pleko bila kuijua namba yake au jina lake. Ukijua ni nani, unajua mto wake, na mto ndio unaokwambia joto na chakula. Pleko wa jamii ya Panaque hutafuna magogo. Wa jamii ya Hypancistrus hupenda nyama zaidi. Wangu hukwangua utando wa mwani na vijidudu juu ya mawe, mchana kutwa na usiku.

Dukani rangi haikunishughulisha. Nilisubiri agande kwenye kioo, nikainama na kumtazama kwa chini. Tumbo likiwa bapa au limetuna kidogo, sawa. Likiwa limeingia ndani kama kijiko, ana njaa. Macho yakiwa yamedidimia, mwache hapohapo, hata ukimwonea huruma. Wangu tumbo lilikuwa limebonyea kidogo lakini macho yamejaa. Niliacha arbuni, nikaomba akae pale hadi nimwone akila, na nikauliza joto la maji yao na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji. Muuzaji alinishangaa, ila alipima.

Kwa hiyo tangi la karantini lilimsubiri likiwa na maji yanayokaribiana na ya dukani, yaliyotolewa klorini, pamoja na filta ya sponji iliyokuwa ikifanya kazi siku nyingi kwenye tangi langu kubwa, bakteria wake wanaosafisha maji wakiwa wamo. Ndiyo maana kumzoesha kulikuwa kufupi: mfuko ulielea mpaka joto likalingana, nikamwongezea maji ya tangi kidogo kidogo kwa mrija mwembamba, basi. Safari ilikuwa fupi. Samaki aliyesafirishwa mfukoni siku nzima au zaidi nisingemdondoshea maji ya tangi tone kwa tone kwa muda mrefu. Pumzi yake hujaza mfuko kaboni dioksidi, pH inashuka, na amonia, uchafu anaoutoa mwenyewe, inabaki katika hali isiyodhuru sana. Ukifungua mfuko gesi inatoka, pH inapanda, na amonia ileile inageuka sumu huku wewe unahesabu matone. Huyo mlinganishie joto, kisha mtoe kwenye maji yale haraka.

Wavu sikuugusa. Pleko akishtuka hutanua miiba ya mapezi ya kifuani na ya mashavuni, na ikinasa kwenye nyuzi, dawa ni kukata wavu, ukivuta unamjeruhi. Nilimhamisha kwa kopo la plastiki, maji ya mfuko nikayamwaga nje.

Joto nililiweka nyuzi 29, maana Xingu ni mto wa maji ya moto na ya kasi. Hapo watu husahau kwamba maji yakipata joto oksijeni hupungua: kwa nyuzi 20 lita moja hubeba miligramu 9 hivi, kwa 30 ni 7 na nusu. Niliongeza jiwe la hewa na pampu ndogo ya kusukuma maji. Pleko wengi wanaweza kumeza hewa na kuitumia kupitia tumbo, kwa hiyo ukimwona akipanda juu mara kwa mara, angalia hewa kwanza kabla ya kufikiria ugonjwa.

Mchanga sikuweka. Chini kulikuwa kioo kitupu, kipande cha gogo na bomba la plastiki la kujifichia. Halikupendeza, lakini nilitaka kuona kinyesi.

Na sasa chakula. Kabla hajaja nilikuwa nimeweka mawe laini ya mviringo kwenye ndoo mbili za maji juani, mpaka yakaota mwani na kuteleza mkononi. Nililiweka moja mbele ya bomba. Taa zikiwa zimezimwa nilimulika kwa tochi hafifu: alikuwa amelikalia, midomo ikienda mbele na nyuma, na nyuma yake jiwe likibaki na mistari iliyosafika. Vidonge vya mwani alivipita kana kwamba ni kokoto. Nikawa nazungusha mawe, lililosafishwa linarudi ndooni, jingine linaingia. Baadaye nikapaka juu ya jiwe ujiuji wa spinachi, mwani wa unga na kamba waliosagwa, ulioshikishwa kwa jelatini. Kwa kuwa alikuwa amezoea kwamba jiwe ni chakula, alikwangua tu. Tango na boga aliyakubali mwisho. Nayatoa asubuhi kabla hayajaoza.

Kinyesi cha kwanza kilikuwa uzi mweupe wa ute, dalili ya utumbo mtupu, japo minyoo nayo huleta hali hiyo. Dawa sikukimbilia, kwa sababu samaki dhaifu mwenye njaa huumizwa nayo. Kilipogeuka kirefu, kizito, cha rangi ya kijani, na tumbo likawa bapa, nikajua chakula kinapita. Maji nilibadilisha kidogo mara nyingi, kwa sababu pleko anayekula vizuri anachafua kupita umbo lake.

Kwenye tangi kubwa nilimhamishia baada ya tumbo kutuna, nikampa pango lake mbali na pleko mwingine niliyekuwa naye tayari, maana hugombania makao. Ndoo za mawe bado zipo. Siku za mawingu mwani hauoti vizuri, hivyo moja nimeiwekea taa.