Choo kwanza, prednisoloni baadaye

Mtu wa Arusha au Moshi aliyeharisha wiki sita, na damu na makamasi vinaonekana chooni, mara nyingi hufika hospitali akiwa ameshamaliza dozi tatu za metronidazo, dawa ya amiba. Kila alikopita aliambiwa ni amiba. Daktari akisema huenda ni mchochota sugu wa utumbo (uvimbe na wekundu usioisha), yaani ugonjwa wa Crohn au kolitisi ya vidonda, swali linalofuata ni lile lile: kipimo gani cha damu kitauonyesha? Hakuna kinachoutaja kwa jina. Jina hutoka kwenye kolonoskopi, yaani kamera inayoingizwa kwenye utumbo mpana, na vinyama vinavyokatwa humo na kupelekwa patholojia, maabara inayochunguza nyama za mwili. Kazi ya maabara ni kusema kama utumbo unawaka, unawaka kwa kiasi gani, na kama kuna mdudu anayeuwasha. Hilo la mwisho ndilo linalorukwa, na kulipuuza kunaweza kuua.

Tuanze na kalprotektini ya choo, kwa sababu ndiyo kipimo chenye msaada mkubwa kuliko vyote hapa. Ni protini ya nyutrofili, zile seli nyeupe zinazokimbilia penye mchochota, na huchukua zaidi ya nusu ya protini iliyoyeyuka ndani ya seli hizo. Ukuta wa utumbo ukiwaka, nyutrofili hupenya hadi ndani, hufa na kuimwaga kwenye choo. Magne Fagerhol na wenzake huko Norway waliielezea protini hii 1980, na miaka ya tisini ikaanza kupimwa kwenye choo. Bakteria wa tumboni hawaimegi upesi, ndiyo maana sampuli inaweza kusafiri.

Kusafiri huko kuna masharti. Chukua choo cha kwanza cha asubuhi, kwa sababu kiwango hupanda na kushuka ndani ya siku moja na choo kilichokaa usiku kucha ndicho huwa na kiwango cha juu. Tandika karatasi safi au tumia beseni kavu; kisichanganyike na mkojo wala maji ya kuflashi. Chota sehemu mbili au tatu tofauti, kiasi cha punje mbili za maharage kinatosha, funga kopo, andika jina, tarehe na saa. Kikifika maabara siku hiyo hiyo ni vizuri zaidi. Kama mtu anatoka Karatu au Same na atafika kesho yake, kopo likae kwenye friji au kwenye kiboksi chenye barafu. Kopo lililoachwa kwenye dashibodi ya Noah mchana kutwa, au lililokaa kwenye joto siku nne, linaweza kutoa namba ndogo kuliko ukweli, na mgonjwa akaambiwa yuko salama.

Makosa mengine hutokea mezani. Vifaa vingi huja na kijiti chenye mifuo midogo, ambacho huchomekwa kwenye choo kisha kusukumwa kupitia tundu jembamba linalokwangua ziada, ili kibaki kiasi maalumu, mara nyingi miligramu 10 hadi 20, kiingie kwenye maji ya kuyeyushia. Choo kigumu hakijazi mifuo. Choo cha majimaji hakishiki kabisa, kwa hiyo kinapaswa kupimwa kwa pipeti. Mtaalamu asiyeangalia mifuo hiyo kwa macho atatoa namba iliyopungua nusu bila kujua. Kuna pia suala la chapa: vifaa vya kampuni mbili vinaweza kutofautiana mara mbili au tatu kwa sampuli ile ile. Ukianza kufuatiliwa kwa maabara moja, baki hapo hapo. Cheti kimoja kikiandika mikrogramu kwa gramu na kingine miligramu kwa kilo, usihangaike, ni kitu kimoja.

Kwa mtu mzima, kalprotektini ikiwa chini ya 50 uwezekano wa mchochota wa utumbo ni mdogo sana, na kuharisha kwake pengine ni tatizo la mwendo wa utumbo. Juu ya 250 kuna moto wa kweli. Katikati ndiko kwenye ubishi: rudia baada ya wiki mbili hadi sita, baada ya kusimamisha diklofenaki na ibuprofeni. Dawa hizi za maumivu huchubua utumbo na kupandisha namba, na huku zinanunuliwa kama pipi. Omeprazo nayo inaweza kuipandisha. Watoto wa chini ya miaka minne au mitano huwa na viwango vya juu kwa asili, kwa hiyo usiwasome kwa kipimo cha baba yao. Na Crohn iliyojificha kwenye utumbo mwembamba peke yake inaweza kutoa namba ndogo kuliko ubaya wake.

Sasa, 900 kwenye cheti inasema nyutrofili zimejaa. Haisemi zimeitwa na nani. Bakteria kama Shigela na kampilobakta, amiba, kifua kikuu cha utumbo na saratani zote huziita. Ndiyo maana choo kile kile kiende kwenye hadubini kabla ya mtu kupewa prednisoloni, steroidi inayozima mchochota na kushusha kinga.

Amiba inahitaji haraka. Choo cha majimaji chenye damu kisomwe ndani ya dakika 30 tangu kitoke, kwa sababu amiba hai hufa na kupoteza umbo. Weka tone la salini (maji ya chumvi) kwenye slaidi, chota makamasi yenye damu (achana na maji yanayoyazunguka), funika, tazama. Amiba inayoshambulia hutoa kidole kimoja cha ute na kujivuta kuelekea upande mmoja, na ndani yake unaona chembe nyekundu za damu ilizomeza. Ukiona hivyo, amiba inayoshambulia utumbo ipo. Cheti kilichoandikwa tu kwamba sisti za amiba, yaani amiba zilizojifunga kwenye ganda, zimeonekana hakithibitishi kitu, kwani Entamoeba dispar isiyodhuru ina sisti zinazofanana kabisa na za Entamoeba histolytica. Kwa maoni yangu, sisti hizo ndizo zinazowachelewesha wagonjwa wengi: kila mwezi sisti, kila mwezi metronidazo, na utumbo unaendelea kuchanika.

Rudia hadubini siku tatu tofauti. Aliyekulia kando ya Ziwa Victoria au anayelima mpunga wa umwagiliaji apimwe kichocho cha tumbo kwa Kato-Katz, slaidi ya kuhesabu mayai ya minyoo kwenye choo. Slaidi moja hubeba miligramu 41.7 tu za choo, kwa hiyo mayai machache hukosekana kirahisi. Na mtafute strongiloidi, minyoo midogo ambayo hadubini ya kawaida huikosa mara nyingi. Mgonjwa mwenye strongiloidi akipewa steroidi, minyoo huzaliana bila breki, hutoboa utumbo na kusambaza bakteria kwenye damu. Amiba iliyopewa steroidi nayo hutoboa utumbo mpana. Kama hakuna njia ya kuitafuta strongiloidi vizuri, ivermektini kabla ya steroidi ni uamuzi wa busara wa kujadili na daktari.

Kifua kikuu cha utumbo ndicho pacha wa Crohn. Vyote hupenda mahali utumbo mwembamba unapoingia mpana, na vyote hukondesha na kuleta homa. Kalprotektini na CRP (protini ya damu inayopanda penye mchochota) haziwezi kuvitenganisha. Vinyama vya kolonoskopi viende patholojia, na vingine viende GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya kifua kikuu, vikiwekwa kwenye salini. Vikishazama vyote kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhia nyama, kuotesha vimelea hakuwezekani tena. GeneXpert ikisema hapana bado kifua kikuu hakijaondoka mezani, kwa kuwa vimelea kwenye utumbo huwa vichache. Pima na VVU.

Kwenye damu, CRP hutengenezwa na ini na nusu yake huisha kwa takriban saa 19, kwa hiyo hupanda na kushuka haraka dawa ikifanya kazi. Hupanda zaidi kwenye Crohn. Kolitisi ya vidonda inaweza kuwaka na CRP ikabaki chini ya 5. ESR, kasi ya chembe nyekundu kuzama kwenye mrija, ni ya polepole, na upungufu wa damu peke yake huipandisha. Feritini, protini inayohifadhi chuma, hudanganya: penye mchochota hupanda, hivyo hata ikiwa 80 mgonjwa anaweza kuwa hana chuma. Penye mchochota, ikiwa chini ya 100 shuku upungufu. Bila mchochota, mpaka ni 30. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, kwa hiyo hemoglobini ya 12 ya hapa ni pungufu kuliko 12 ya Tanga. Mwenye kolitisi anayeenda choo cha damu mara sita au zaidi kwa siku, na mapigo yamepita 90, au joto limepita 37.8, au hemoglobini iko chini ya 10.5, au ESR imepita 30, alazwe siku hiyo hiyo. Asisubiri kalprotektini.

Ufuatiliaji huanza kabla ya dawa. Pima kalprotektini siku matibabu yanapoanza, kisha baada ya miezi miwili hadi minne. Ugonjwa ukiwa umetulia, kila miezi sita hadi kumi na miwili inatosha. Lengo ni kushuka chini ya 150 au angalau 250, na usiamue kwa namba moja: zikipanda mbili mfululizo, ugonjwa mara nyingi unarudi miezi miwili au mitatu kabla tumbo halijaanza kuuma. Ugonjwa ukirudi ghafla, hasa baada ya antibayotiki, pima sumu ya bakteria Clostridioides difficile kabla ya kuongeza dozi. Anayetumia azathiopurini, dawa ya kushusha kinga, apimwe picha kamili ya damu kila wiki kwa mwezi wa kwanza, kisha kila miezi mitatu pamoja na vimeng'enya vya ini, kwa sababu seli nyeupe zinaweza kuporomoka kimya kimya.

Yote haya yaandikwe kwenye daftari moja la mgonjwa: tarehe, maabara, chapa ya kifaa, namba, na dawa zote alizomeza wiki mbili kabla, zikiwemo zile za maumivu ya mgongo.