Diego: bandari iliyovamiwa kwa mlango wa uani

Tuliingia Antsiranana, kaskazini mwa Madagaska, jioni tukitokea Ambilobe, vumbi jekundu hadi kwenye kope. Wenyeji bado wanauita mji huu Diego, kutokana na jina la zamani la Diego Suarez, na mimi nilikuwa nimefuata hayo ya zamani: alfajiri ya tarehe 5 Mei 1942, Waingereza walipoivamia bandari hii, iliyokuwa mikononi mwa Wafaransa wa serikali ya Vichy, ile iliyoshirikiana na Wajerumani.

Asubuhi nikapata bajaji. Dereva alikuwa na asili ya Ngazija, basi tukaelewana, yeye na Kingazija chake, mimi na Kiswahili cha Mombasa.

“Watu huja kuogelea Ramena, kaka. Wewe unataka mizinga?”

Nikamwambia hata mizinga siitaki sana, nataka kujua ilikuwa inaangalia wapi.

Ukifika upande wa Ramena jibu unalo. Ghuba ni kubwa ajabu, lakini mlango wake ni mwembamba, na Wafaransa waliweka mizinga Orangea, pale mlangoni, ikiutazama mashariki. Waingereza hawakubisha hodi huko. Walizunguka magharibi, wakashusha askari Ghuba ya Courrier, ambako nchi kavu ni kiuno chembamba tu, wakaingia kwa mlango wa uani.

Ndege zilitangulia. Kutoka manowari ya kubeba ndege Illustrious ziliruka Swordfish, ndege za mabawa mawili, moja juu ya jingine, zilizoingia jeshini mwaka 1936. Kiunzi cha chuma kimevishwa kitambaa, injini moja ya Pegasus, watu watatu wamekaa wazi wakipigwa na upepo. Kwa mwendo ilikuwa haifiki hata kilomita 230 kwa saa. Ungedhani ni mzaha.

Nilikaa kwenye ukingo wa barabara nikiyatazama maji, nikaelewa kwa nini haukuwa mzaha. Torpedo, kombora linalokwenda ndani ya maji kuzifuata meli, ikiangushwa kutoka juu mno au kwa kasi mno huvunjika au huenda mrama. Swordfish iliweza kupaa na mzigo wa zaidi ya kilo 700 kwenye sitaha fupi, ikashuka kwa mteremko mkali bila kushikwa na wazimu wa kasi, kisha ikanyooka karibu kabisa na maji. Mabaharia waliilinganisha na kikapu cha sokoni, kwa kuwa haikukataa mzigo. Asubuhi ile kundi moja lilibeba torpedo na kuizamisha meli ya Bougainville. La pili, kwa mabomu ya kulipukia chini ya maji, likaizamisha nyambizi Bévéziers. La tatu likaja na mabomu ya kawaida. Nyingine zilidondosha wanasesere waliofungwa miavuli ya kurukia, kuwahadaa Wafaransa wapeleke macho kwingine.

Kwetu habari hii si ya mbali. Baada ya Wajapani kuishambulia Ceylon, Sri Lanka ya leo, mwezi Aprili, manowari za Waingereza zilihamishia makao Kilindini, na Japani kuiteka Diego kungeiweka mashakani njia ya meli ya Mlango wa Msumbiji. Askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Waafrika wa Afrika Mashariki, nao waliletwa Madagaska mwaka huohuo. Katika makaburi ya vita ya hapa wapo wa Afrika Mashariki. Nilipita safu kwa safu nikisoma majina, dereva akinisubiri kivulini bila kulalamika.

Niliondoka kwa ndege, uwanja wa Arrachart. Hapa ndipo zilipokuwa ndege za kivita za Wafaransa, na ndege kutoka Indomitable, manowari nyingine ya Waingereza ya kubeba ndege, zilizishambulia zikiwa bado chini. Kwangu hiyo ndiyo siri ya ushindi wa Swordfish: zilifanikiwa pale ndege za adui zisipozisumbua angani. Katika shambulio la bandari ya Taranto, Italia, Novemba 1940, zilikwenda usiku, 21, zikapotea 2 tu. Lakini Februari 1942, miezi mitatu kabla ya Diego, 6 zilizoongozwa na Eugene Esmonde zilizifuata manowari za Wajerumani mchana kweupe kwenye mlango-bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, anga ikiwa imejaa ndege za adui. Haikurudi hata moja.