Raba

Juzi mwanangu alikuwa anafuta hesabu, anasugua daftari mpaka karatasi inajikunja. "Mama, hebu nusa raba yangu, inanukia." Nikanusa. Papo hapo nikawa barabara ya 12, Ngamiani, Tanga, mwaka 2009, nimeshika simu ya tochi juu ya kichwa cha fundi.

Ndiyo miezi ile kompyuta ya duka langu la steshenari iliponianza. Unachapa barua ya mtu, umeshafika "Wako mtiifu", mara kioo chote bluu, maandishi meupe yanapita mbio, imejizima, inawaka upya. Barua imekwenda na maji. Mwalimu wa mitihani ya mock alinisubiri siku nzima, akaenda zake kwa jirani.

Kosa nikamtupia mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, niliyekuwa naye dukani. Yeye na flashi yake ya nyimbo! Nikasema ni virusi. Windows XP ikapigwa upya mara tatu, kwa mafundi watatu, na bluu ikarudi. Nikamwambia arudi kwao Pangani. Hakubisha. Alichomoa flashi, akaitia mfuko wa shati, akaniaga vizuri tu.

Fundi wa nne alikuwa mzee wa redio. Windows hakuigusa. Mashine ilipokuwa inawaka alibonyeza F8, akachagua isijiwashe yenyewe ikianguka, ili ile bluu isimame tuisome. Namba ya kosa: 0x00000050. Akaandika kwenye ganda la sigara. Ikaanguka tena: 0x0000008E. Akayatazama yale mawili.

"Dada, ugonjwa huu unabadilisha jina kila ukiulizwa. Mimi naanza na RAM, kumbukumbu ya mashine."

Akachomoa waya wa umeme, akakibonyeza kitufe cha kuwashia huku hakuna umeme, kumaliza chaji iliyobaki. Akafungua ubavu. Vumbi lile, ungedhani mtu amelala humo! Akagusa bati la kasha kwanza, ndipo akatoa vibao viwili vya RAM, vya MB 512 kila kimoja, akaviweka juu ya karatasi.

"Una raba?"

Nilicheka. Duka la steshenari likose raba? Nikampa mpya, nyeupe, yenye ile harufu tamu. Akaanza kuyasugua yale meno ya dhahabu ya RAM, taratibu, kuelekea chini tu, kama unavyomsafisha mtoto sikio. Raba ikawa nyeusi. Meno yakaanza kung'aa, moja moja. "Hewa ya bahari hii," akasema, akapangusa mabaki kwa brashi ya rangi. Akazirudisha: tka, tka, kila upande. Usiku kucha tukaiacha Memtest86, programu ya kupima RAM, inazunguka. Asubuhi hapakuwa na mstari mwekundu wa kosa hata mmoja.

Nikamuuliza, ni raba iliyoponya, au ni kule kuzichomoa na kuzikaza tu?

"Dada, inafanya kazi haifanyi?"

Mdogo wangu hakurudi dukani. Nilimpigia, akasema ameshapata kibarua, nisijali. Siku hizi anapiga picha za harusi. Mwaka jana kwenye harusi ya binamu yetu alinijia na flashi ya picha, akaniambia mbele za watu, "Dada, hii nimeiosha kwanza." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, nikaipokea kwa mikono miwili.