Sanduku la lita 35

Tangu fomani anitoe kwenye kubeba matofali na kunipeleka kwenye mchanganyiko wa plasta, nimeanza kuziangalia kuta za watu kwa jicho baya. Nikiingia dukani, nikiingia kanisani, hata nikienda kumsalimia shangazi kule Kireka, kidole kinataka kugonga. Ukuta ukilia tupu, plasta imeachana na tofali. Ukipitisha kiganja kikarudi na vumbi, basi saruji ilikuwa ya kunusa tu. Shangazi ameshanipiga marufuku kugonga sebuleni kwake.

Sikuja kwenye kazi hii kwa mapenzi. Nilimaliza S.6, yaani kidato cha sita, kule Busia mpakani, karo ya chuo haikupatikana, na binamu yangu anayejenga huku Matugga, nje ya Kampala, kwenye barabara ya Bombo, akasema saiti yao inataka mapoota, vibarua wa kuwasaidia mafundi. Malipo shilingi 15,000 kwa siku, chai na chapati asubuhi, posho, yaani ugali, na maharagwe mchana. Poota anatumwa na kila mtu: lete maji, lete ngazi, we poota umelala wapi? Kuchanganya nako watu hukuhesabu humo humo kwenye kutumwa. Mwaga saruji, mwaga mchanga, tia maji, geuza mpaka mgongo ukatae.

Fundi wetu mkuu hakuhesabu hivyo. Ni Mnubi wa Bombo, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, na sote tunamwita Hajji. Kiswahili chake ni cha Bombo, changu cha mpakani, na mwenzangu wa beleshi ametoka Bunia, Kongo, na chake. Fomani ni Muganda, akikasirika anarudi kwenye Luganda na hapo kila mtu anaelewa. Baraza la Mawaziri liliamua mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni. Saitini kilishaanza zamani, bila mwalimu wala mtihani.

Siku niliyokabidhiwa mchanganyiko, Hajji alinipa mbao, misumari na futi ya kupimia, akaniambia nipige sanduku lisilo na mfuniko: ndani urefu sentimita 40, upana 35, kina 25.

"Piga hesabu. Si umesoma?"

Nikapiga. Sentimita za ujazo 35,000, yaani lita 35.

"Haya. Mfuko mmoja wa kilo 50 unajaza hilo sanduku mara moja. Na mchanga utaingia humo humo. Beleshi ni la kuchotea, mwanangu, si la kupimia."

Nimeshafanya kazi karibu na saiti ya jirani ambako wanapima kwa beleshi, na sasa naona alichokuwa anakataa. Asubuhi poota ana nguvu, anachota kilima. Saa nane mchana jua linawaka, posho imemlegeza, anachota nusu. Saruji kavu inateleza pembeni mwa beleshi wakati mchanga mbichi unasimama juu yake. Kwa hiyo "moja kwa tano", saruji moja kwa mchanga tano, ya asubuhi na "moja kwa tano" ya alasiri ni vitu viwili, na vyote vinapigwa kwenye ukuta mmoja. Halafu nyufa zikitokea, fundi ndiye anayesemwa.

Kwa kuta za ndani sisi tumetumia sanduku moja la saruji kwa matano ya mchanga. Za nje zitakuwa moja kwa nne kwa sababu mvua ya huku haina huruma. Saruji ni ile ya daraja la 32.5. Ile ya 42.5, yenye nguvu zaidi, Hajji anaitunza kwa nguzo na slabu, na mtu akiufungua mfuko wake kwa ajili ya plasta, atasikia maneno.

Lakini kitu kilichonichukua muda si saruji. Ni mchanga.

Wetu ni wa ziwa, unatoka Lwera, kule kwenye barabara ya Masaka ambako unachimbwa kwenye maeneo oevu kando ya Ziwa Victoria. Ndivyo madalali wanavyosema wote, maana mchanga wa ziwa una bei. Wengine huchanganya na wa shimoni njiani. Tipa likifika, Hajji anapanda gurudumu, anachukua konzi moja, anasugua viganja viwili, kisha anaumwaga na kuangalia mkono. Mchanga safi unaacha mkono kama ulivyokuwa. Wenye udongo unaacha rangi. Kuna tipa moja alilirudisha hivyo, mkono wake mwekundu ameuinua juu dereva auone. Dereva alilalamika sana, mafuta, trafiki, muda. Hajji akamwambia, "Pole sana, mwanangu. Lakini huo ni wa kuotesha muhogo."

Ule ulioshushwa tunaupima tena kwa chupa. Unachukua chupa ya maji ya kunywa iliyo wazi, unatia mchanga hadi nusu, unajaza maji yenye chumvi kidogo, unatikisa na kuiweka mahali pasipo na mtu wa kuipiga teke. Baada ya saa chache mchanga umekaa chini, na juu yake kuna utando wa tope laini. Ukipima utando huo kwa rula ukauona umepita asilimia 8 ya kimo cha mchanga, usiutumie kabla ya kuuosha. Udongo huo unazivaa chembe, saruji inakosa pa kushika, halafu ukikauka unasinyaa na kuuvuta ukuta wote. Ndizo zile nyufa nyembamba zinazokimbia pande zote wiki chache baada ya mwenye nyumba kupaka rangi.

Halafu kuna jambo la unyevu, ambalo lilinifurahisha kuliko yote. Mchanga wenye unyevu kidogo unavimba. Maji yanazizunguka chembe na kuzisukuma zisikaribiane, kwa hiyo sanduku linaonekana limejaa kumbe ndani kuna mchanga pungufu. Ukiloweshwa kabisa, unarudi chini. Hajji alinionyesha kwa kopo la rangi. Tulilijaza mchanga mbichi hadi sentimita 20, tukaumwaga kwenye gunia, tukatia maji nusu kopo, kisha tukarudisha mchanga pole pole huku tukikoroga kwa chuma. Ulipokaa, rula ilisoma 16. Maana yake ni kwamba katika kila masanduku matano ya mchanga mbichi, moja ni hewa. Tangu hapo, mvua ikinyesha usiku, asubuhi sianzi kazi kabla ya kopo, na masanduku ya mchanga naongeza kulingana na linavyosema.

Mtu atauliza, kwani saruji ikizidi kuna ubaya gani? Ndivyo alivyouliza mwenye nyumba. Alikuja Jumapili na gari lake, akaona ufa kwenye chumba ambacho kilipigwa na fundi mwingine kabla yetu, akasema yuko tayari kununua mifuko ya ziada, tuongeze tu, nyumba iwe imara. Wengi tuliokuwa pale tulifurahi moyoni, maana mwenye mali anayetaka kuongeza ni ndege adimu. Hajji akakataa. Akamweleza taratibu, "bosi" hapa, "ssebo" (bwana) pale, kwamba plasta yenye saruji nyingi inasinyaa kwa nguvu inapokauka, inapasuka yenyewe au inajibandua kwenye tofali laini la kuchoma lililo nyuma yake. Mwenye nyumba hakuonekana kuridhika. Katika nchi ambayo kila mtu anaogopa kuibiwa saruji, kumwambia mtu kwamba ya kwake inatosha kunatia shaka zaidi.

Kuchanganya kwenyewe kuna utaratibu ambao siku hizi mikono inaujua bila mimi. Mchanga unachekechwa kwanza, mawe na mizizi vinabaki juu ya wavu. Hatuchanganyi juu ya udongo. Tumemwaga zege jembamba chini, mahali pa kudumu, kwa sababu udongo unakunywa maji na kujiingiza kwenye mchanganyiko. Unageuza vikavu hadi rangi iwe moja, si michirizi ya kijivu hapa na kahawia pale. Mimi na Mkongo tunasimama pande mbili, lundo linahama kutoka kwangu kwenda kwake kisha linarudi, na kabla halijawa na rangi moja hakuna anayegusa jerikeni. Kisha unafungua shimo katikati, unamimina maji, unaangusha kingo ndani kidogo kidogo bila kuvunja ukuta wa lundo. Ukivunjika, maji yanatoroka na saruji, na hiyo ndiyo saruji bora uliyokuwa nayo.

Maji ndipo mapoota na mafundi wanapokosana. Fundi aliyechoka anapenda mchanganyiko mwepesi, unateleza kwenye mwiko, unapigika haraka. Kutoka juu ya jukwaa anapiga kelele: "Poota, maji!" Kwa mfuko mmoja sisi tunatia jerikeni moja na nusu, zikizidi sana mbili, kulingana na mchanga ulivyoamka. Sehemu ya mwisho naitia kwa kopo, nikiangalia, kama muuza rolex, zile chapati za mayai, pale getini anavyoongeza maji kwenye unga wa chapati. Maji yanayozidi hayabaki ukutani. Yanaondoka na kuacha matundu, na plasta inakuwa dhaifu na yenye vumbi. Kipimo cha Hajji ni mwiko: chota, ulaze, uinamishe. Plasta nzuri inashikilia chuma kwa muda kisha inateremka yote pamoja. Ikichuruzika, imekufa. Ikikatika vipande vipande, ina kiu.

Na haingoji mtu. Ndani ya saa moja na nusu hivi iwe imepanda ukutani, jua likiwa kali hata mapema zaidi. Ndiyo maana tunachanganya nusu mfuko watu wakikaribia kwenda kula. Lundo likianza kugoma, kuna mafundi wanaolimwagia maji na kuligeuza upya, linalainika, linapigika, na mwenye nyumba hajui lolote. Saruji iliyokwisha kuanza kushikana ukiivunja na maji haishikani tena vilevile. Hilo Hajji hana mchezo nalo. Lililobaki linakwenda kujaza mashimo ya njia ya toroli, na siku hiyo fomani anatukata jicho.

Ukuta nao unataka kunyweshwa. Matofali ya kuchoma yanavuta maji vibaya sana. Ukipiga plasta juu ya tofali kavu unasikia kabisa linavyofyonza, mwiko unaanza kukwama, na saruji inabaki bila maji ya kukomaa. Jioni ya kabla tunamwagia, asubuhi tunarashia tena, tunangoja ung'aro uondoke. Unene tunaweka milimita 15, vidoa vya plasta vya kupimia unene vikiwa vimepangwa kwa timazi na pimamaji. Kwa unene huo mfuko mmoja unatupa meta za mraba kama 9 au 10, ukuta usipokuwa na mabonde. Baadaye, siku 7 za kumwagilia asubuhi na jioni. Kazi hiyo ni ya poota tena, na ndiyo wenye nyumba wengi wanaikata ili kuokoa malipo ya mtu mmoja. Mimi naiona ni ubahili wa ajabu, mtu ananunua saruji ya mamilioni halafu anainyima maji ya jerikeni.

Mikono yangu sasa haitambuliki. Saruji mbichi inachoma, siyo kwa moto, ni ukali wake tu, na mchana kutwa huusikii. Usiku ndipo unajua. Ncha za vidole zimetoboka vitundu vidogo vyekundu, kidole gumba cha kulia kina ufa unaofunguka kila nikifunga kamba za viatu. Mkongo alinifundisha kupaka mafuta ya mgando kabla ya kazi, si baada. Glavu za mpira tulizoomba tuliletewa jozi moja kwa watu wawili, kwa hiyo yeye anavaa kushoto, mimi kulia, na tunacheka, lakini si jambo la kuchekesha. Macho ndiyo usifanye nayo utani. Ikikurukia jichoni, acha kila kitu, osha kwa maji mengi safi, kisha kliniki.

Mama alipiga simu jana kuuliza kama nimeanza kushika mwiko. Kwake kupanda cheo ni kuacha beleshi, na namwelewa, fundi analipwa zaidi ya mara mbili yangu. Hajji pia ameshaniambia nijaribu nyuma ya choo, mahali ambapo hakuna mgeni atakayekaa kuangalia. Nitajaribu. Ila nimemwomba anisubiri tumalize kuta za nje, kwa sababu poota aliyekuja badala yangu siku ile nilipokwenda kuchukua kitambulisho nilimkuta anatumia sanduku langu kukalia, anahesabu mabeleshi kwa sauti.

Jumatatu tunaanza upande wa magharibi, unaopigwa na jua la alasiri. Turubai lililopo lina matundu na halifiki nusu ya ukuta. Nimemwandikia fomani orodha: turubai lingine, jozi tatu za glavu, na mbao mpya za sanduku, maana pembe moja imeanza kuachia na tayari linapitisha mchanga.