Kilo 15

Leo wiki ya saba tangu nivunjike nyonga. Asubuhi dada wa mazoezi alikuja na mizani ya kupimia uzito, ile ya kusimama juu. Akaiweka sakafuni, na pembeni yake kipande cha ubao cha kimo kilekile ili mguu wa kulia upate pa kukanyaga. "Haya Baba Juma, shika magongo, weka wa kushoto pole pole. Usivuke kilo 15."

Mshale ukaruka hadi 32. Mara ya pili 27. Mara ya tatu 6, maana sasa nilikuwa naogopa.

Muda wote huu nilidhani mazoezi ni kujikaza. Kumbe nafundishwa kujizuia, na kujizuia kunatoa jasho kuliko maumivu yenyewe.

Ajali ilikuwa ya bodaboda, sina hamu ya kuisimulia. Daktari alinieleza kuwa nyonga ni kama pete: ikikatika mbele, mara nyingi na nyuma imeachia. Yangu iliachia kote kuwili, nyuma wakafunga skrubu. Halafu kitandani: kuchezesha vifundo vya miguu juu chini, kukaza paja nikihesabu mpaka 5, na kila jioni sindano ya tumboni damu isije ikaganda.

Siku ya kuruhusiwa walinipa dawa na tarehe ya kurudi. Hakuna aliyeuliza choo chetu kikoje. Ni cha kuchuchumaa, uani, na mimi kuchuchumaa ni marufuku. Aliyetuokoa ni fundi seremala jirani: alichukua kiti cha plastiki, akakitoboa katikati kwa msumeno, tukakiweka juu ya tundu. Mama Juma akazungushia kingo kipande cha khanga kuukuu zisinichane. Hiyo nayo ni tiba, ingawa haimo kwenye cheti chochote.

Kuna swali moja, la mume na mke, naona haya kumuuliza dada wa watu. Nimeliandika kwenye karatasi, Jumatatu nitampa daktari ajisomee.

Mizani tumeachiwa mpaka Ijumaa. Jioni Juma kaipanda, kakumbatia gongo langu, kanuna kama mimi. Nikamnyang'anya gongo, nikasoma: 14.

"Mama Juma, kumbe mguu wangu umeruhusiwa kumbeba huyu na kilo moja ya sukari."

"Thubutu ujaribu," akajibu toka jikoni.